Kibuyu Kitupu Mbele ya Kamera

Koko wangu,

Ungekuwepo ungeniuliza inakuwaje namwandikia bibi yangu asiyejua kusoma, tena kwa Kiswahili, lugha usiyoijua, uliyozoea kuiita ya dukani. Nakuandikia kwa Kiswahili ili wasome na wale waliolia. Watu wengi waliniona kwenye runinga nikinywa maziwa yako, na ni haki yao kujua walililia nini. Jina lako sitaliandika. Kwetu aliyeondoka duniani hatajwi kwa jina, na hata hapo nimekukosea. Nitafika huko.

Unakumbuka ulivyoshuka kutoka kwetu Soitsambu? Mimi nilikuwa nimeacha kazi ya kuhudumia wageni hotelini Karatu, nikaenda Dar kwenye yale mashindano ya kuimba. Watu wa kipindi wakakufuata na gari. Ukaja safari nzima umepakata kibuyu cha maziwa ya ng'ombe wangu, yule mwenye baka jeusi. Dereva, aliyejua lugha yetu kidogo, alitusimulia alivyotaka kukiweka nyuma na mizigo, ukamwambia, "Basi na mimi niweke hukohuko." Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Huyo ndiye wewe.

Sasa sikiliza. Ilitakiwa nisijue kwamba umekuja. Watazamaji waliambiwa msichana hajui lolote, leo anashtukizwa. Uongo mtupu. Mwongozaji wa kipindi alininong'oneza tangu asubuhi, akaniambia nikikuona nifunike mdomo kwa mikono miwili, kisha nipige magoti. Nikaenda kujizoeza chooni mbele ya kioo, mjukuu wako, mtu mzima na akili zangu. Wewe muda wote huo ulikuwa umefungiwa kwenye kachumba nyuma ya jukwaa, unangoja.

Mlango ukafunguliwa. Nikakuona na shuka lako la bluu na shanga zako za sherehe, unapepesa macho kwa ukali wa taa. Yote niliyojizoeza yakaniruka. Nikakuendea, nikainamisha kichwa kama nilivyofanya tangu utoto, ukaniwekea kiganja utosini.

"Takwenya," ukanisalimu.

"Iko," nikaitikia.

Ukanipa kibuyu. Maziwa yalikuwa yameganda vizuri, yana harufu ya moshi wa nyumbani, nikanywa mpaka yakaisha. Ukanifuta mdomo kwa kidole gumba. Hatukulia. Tulie nini? Tulikuwa tumeonana.

"Hapana, hapana! Imepoa sana hiyo," mwongozaji akapaza sauti. "Watu majumbani hawaelewi mambo ya kushikana vichwa. Wakumbatiane. Bibi atoe machozi kidogo. Turudie!"

Ukaniuliza, "Anasema nini huyo kijana?"

Hapo ndipo nilipoharibu, Koko. Ningeweza kukwambia ukweli, ungesonya, ungejifunga shuka lako ukaondoka, na mimi ningekufuata. Lakini nilizitaka kura. Nikakujibu, "Anasema mashine ilizimika. Hawakutuona."

"Wewe umeniona?"

"Nimekuona."

"Basi."

Kwako yalikuwa yamekwisha. Nikaanza kukubembeleza, nisaidie mara moja tu, Koko wangu, mara moja tu. Ukakubali kwa sababu ni mimi. Wakikurudisha nyuma ya mlango uligeuka ukauliza, "Na maziwa? Si umeshayanywa?" Nikamtafsiria mwongozaji. Akacheka. "Ajifanye tu anakunywa. Nani ataona ndani ya kibuyu?"

Mara ya pili nayo ikamkera. Ya tatu ndiyo iliyompendeza. Kinanda kikawekwa, kile cha kuliza watu. Kuna jamaa alisimama mbele ya watazamaji: akiinua mikono wanapiga makofi, akiishusha wananyamaza. Nikafunika mdomo, nikapiga magoti, nikalia. Machozi yalikuja, usifikiri hayakuja. Nilikuwa nimeshajua kuyaita. Ukanipa kibuyu kitupu. Nikakiinua, nikafumba macho, nikalichezesha koo kana kwamba nameza. Nilipokishusha ulikuwa unanitazama. Hukukasirika. Ulinitazama kama unavyomtazama mnunuzi wa ng'ombe usiyemjua.

Kipindi kiliporushwa, walikatia pale mlango unapoanza kufunguka, wakaingia kwenye matangazo ya sabuni. Wenzangu wa Karatu wanasema mgahawani watu walipiga kelele, na mpishi akasahau chapati jikoni zikaungua. Waliporudi, wakamwonyesha mama mmoja anajifuta macho. Yule mama namkumbuka. Alikuwa anajifuta jasho, wewe hata hujaingia! Kura zikamiminika, nikavuka wiki ile. Wiki iliyofuata wakanitoa.

Ndivyo nilivyokuuza, Koko. Kwa wiki moja.

Nilipokuja nyumbani mara ya mwisho nikainamisha kichwa, ukaniwekea kiganja. Ukanipa kibuyu, kizito, kimejaa. Nikanywa. Nikaona umeinama mbele, unaliangalia koo langu.

"Umekunywa kweli?" ukaniuliza.

Nikacheka. "Jamani, Koko!" Nikabadilisha mazungumzo, nikakusimulia ubovu wa barabara kama mjinga. Nilijua hukuwa unatania. Nilikuwa na jioni nzima ya kukwambia, na asubuhi yake pia, ukinisindikiza mpaka zizini. Nikakuaga. Nikaondoka. Safari iliyofuata nilikuja kukuzika.

Sasa hapa nyumbani hakuna anayetamka jina lako. Hata watoto wanajua. Lakini kila sikukuu kipindi kile kinarudiwa, na mtangazaji analitaja kwa sauti ya juu, analivuta, watu wanashangilia. Juzi kijana wa jirani alikifungua kwenye simu, mama yangu akasikia jina la mama yake linaitwa uani. Alitoka nje akakaa na mbuzi mpaka kelele zikaisha. Hakunisema. Afadhali angenisema.

Nikawapigia studio wakiondoe. Binti aliyepokea alikuwa na adabu, akaniambia hicho ndicho kipande kinachopendwa kuliko vyote. Nikamwomba basi wanipe ile ya kwanza, tuliyosalimiana mimi na wewe, niwe nayo. Akaenda kuuliza, akarudi.

"Ile walishaifuta, dada. Wanasema haikuwa na kitu."

Koko, mashine haikuzimika. Nilikudanganya mbele ya watu kwa lugha ambayo pale ni sisi wawili tu tulioijua. Nisamehe kama huko uliko kuna kusamehe. Waliolia nami nao wanisamehe. Maziwa waliyoyaona hayakuwepo. Lakini swali lako sikulijibu, na sitaki ubaki nalo. Siku ile nyumbani nilikunywa kweli, kama ile ya kwanza.

Ni mimi, mjukuu wako uliyemfuta mdomo.