Mfarishi wa Mtu Mmoja

Jumatatu, 4 Machi
Mume wangu amenitupia mezani mfuko wake wa kulalia. Eti zipu nzito, inamchosha akipanda mlima. Gramu mia tatu! Kitambi chake hajakipima. Anataka niufumue uwe mfarishi wa kambini: mgongoni wazi, chini kifuko cha miguu. "Si wewe ndiye fundi, mama?" Ndiyo, fundi. Cherehani nilijinunulia, meza nilijinunulia, na huo mfuko pia ni jasho langu.

Jumanne, 5 Machi
Zipu imetoka. Nilikata kabla ya kupiga mshono wa kuzuia manyoya ya ndani — yakatapakaa duka zima! Mama Vifungo, jirani wa duka la pili, akachungulia: leo umechinja kuku wangapi, shoga?
Ukitandazwa, upana ni sentimita 140. Zinamtosha mume wangu, kitambi na vyote. Yeye anataka niunge kipande cha 50.
Hamsini!

Alhamisi, 7 Machi
Nimemuuliza za nini. Anajigeuza sana usingizini, kasema. Mwongo! Miaka kumi na sita nalala naye. Akishalala ni gogo. Anayejigeuza ni mimi, kwa ajili ya mikoromo yake. Na kifuko cha miguu nacho kipanuliwe. Kwani ana miguu mingapi?
Mama Vifungo akadakia: minne, shoga. Tukacheka. Yeye alicheka kunishinda.
Nimeshona 140. Kitambaa cha hicho kipande cha 50 nimekishonea foronya.

Jumamosi, 9 Machi
Ameutandaza kitandani. "Mbona mwembamba?"
"Kwani mko wangapi?"
Akaangua kicheko — nimemharibia! Alitaka kunishtukiza: safari hii twende wawili, tulale chini ya mfarishi mmoja. "Una roho ya kutu, mke wangu." Haya zilinishika. Nikaanza hata kutafuta mkasi, nifumue foronya.
Akainama uvunguni, akatoa boksi. Buti za mlimani, mpya, za kike. Ushahidi huo!
Namba 38.
Navaa 41. Miaka kumi na sita anaviruka viatu vyangu mlangoni. Ama hajawahi kuitazama miguu yangu, ama ametazama ya mwingine. Nimepiga hesabu kote kote — hakuna jibu linalonipa faida.
Yuko sebuleni, anaita: zimekukaa, mama?
Kisigino hakijaingia hata nusu. Nimemjibu asubiri, nafunga kamba.