Shofaji ya Ngalula

Mpendwa mchumba wangu wa wakati ule,

Wanaonisoma wanajua ninavyogombana. Nimegombana na magavana, na maaskofu, na wale waliojiita wenye nchi wakawaita wenzao wageni katika mji ambao hao wageni ndio walioujenga. Leo naiacha serikali ipumzike. Nagombana na mwanamke aliyekaa kwenye kiti changu, na nafanya hivyo mbele ya watu wote, kwa sababu nimechoka kugombana naye moyoni peke yangu.

Unaikumbuka pikapu yako, Mukendi. Injini yake ya petroli ilikufa wakati ule kampuni ya migodi iliposhindwa kulipa mishahara. Mishahara ilipokatika watu walitafuta wa kulaumiwa, wakawapata ninyi, watu wa Kasai, hata mliozaliwa hapa hapa Kolwezi. Stesheni ikajaa familia zilizolala juu ya magunia zikingoja treni isiyokuja. Wewe ulikataa kungoja, ukasema utawafikisha watu wako Kasai kwa pikapu hiyo, kwa njia ya Sandoa. Ulipata injini ya dizeli kwenye basi dogo lililopinduka, ukaileta kwetu, mtaa wa Kasulo, kwa mkokoteni, ukaishusha uani kwa mama yangu, maana kwenu mawe yalikuwa yameanza kuanguka juu ya mabati.

Kuiingiza hiyo injini hakukukusumbua. Kilichokusumbua ni maji. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa mfupi, wa chini uligusa feni, na kila ulipojaribu kupitisha kitu ulikutana na bomba la moshi. Halafu kulikuwa na shofaji, kile kijirejeta kidogo nyuma ya dashibodi kinachopuliza joto miguuni. Kila fundi wa Kolwezi anajua la kufanya nacho: anachukua mipira yake miwili, anaiunganisha, maji yanarudi yalikotoka, na habari imekwisha. Wewe ukakataa.

“Ya nini shofaji?” nilikucheka. “Tuko ku Ulaya?”

“Baridi ya njia ya Sandoa, utaijua.”

Utaijua, ulisema. Siku hiyo hiyo nilianza kukunja nguo zangu.

Mpira ukipita karibu na moshi unayeyuka, kwa hiyo ulitaka kipande cha bomba la shaba cha kuzungukia. Tukatafuta mji mzima. Mji umelala juu ya shaba, na hatukupata kipande cha urefu wa mkono! Shaba yetu hupanda treni kabla hatujaiona. Hilo nimeliandika mara nyingi, na nililijua kwanza siku ile. Bomba pekee lilikuwa nyumbani, kwenye pipa la mama la kupikia lutuku, pombe kali iliyotulisha tangu baba akose mshahara. Mimi ndiye niliyemwomba.

“Munataka kukata mukate yangu?” mama alisema.

“Mama, nitakurudishia ingine,” ukajibu.

“Bongo yako!” Alijua ni uongo. “Haya, kamata. Lakini ile motokari italewa mbele ya kufika Sandoa.”

Tulilijaza mchanga lisipasuke, tukalipasha moto kwenye makaa ya mama, mimi nikashika ncha moja kwa kitambaa kilicholowa na wewe ukalikunja polepole kwenye goti lako. Tulipomwaga mchanga ulipuliza ndani kuona kama njia iko wazi, kisha ukavuta hewa, ukafumba macho. “Njo dawa ya moteri hii,” ukasema, ukiinyoshea injini kidole, na mdomo wako ulinuka lutuku ulipokuja karibu na wangu. Ukalifunga bomba kwa vipande vya tyubu, mbali na moshi, likakaa kama limezaliwa pale. Injini ikawaka. Niliingiza mkono chini ya dashibodi na joto likanijia vidoleni. Sijawahi kupewa kitu kizuri kama hicho.

Asubuhi ya safari Ngalula aliingia uani na mtoto mgongoni. Mjane wa kaka yako. Sote tulijua ukoo wenu ulitaka umrithi, na wewe ulikuwa umeniapia kwamba mambo hayo ni ya wazee. Ulimfungulia mlango. Ulimwonyesha mahali pa kuweka miguu.

“Yaya,” ukamwita, kama dada yako mkubwa, “utakaa hapa. Mutoto hatasikia baridi.”

“Na mi?” nilikuuliza.

“Mama yangu atakaa ku mulango. Kule nyuma kuko bazee na bitu.”

“Na mi, Mukendi?”

Ulifuta mikono yako muda mrefu kuliko ilivyokuwa michafu. “Weye, hakuna mutu anakufukuza.”

Nimeandika kurasa na kurasa dhidi ya kufukuzwa kwenu, na kila neno nalisimamia hadi leo. Lakini asubuhi ile, Mukendi, nilikuwa na wivu na waliofukuzwa. Ningempa Ngalula nyumba yetu, jina letu na haki ya kubaki, anipe kile kiti.

Mliondoka bila mimi. Baadaye Tata Saidi, mwenye malori, alirudi kutoka Sandoa, akasema amewakuta kwenye mlima.

“Rejeta yenu ilikuwa ndogo kwa ile moteri,” aliniambia. “Walifungulia shofaji mpaka mwisho, itoe moto. Bila ile, ingekufa. Banatoka jasho, madirisha wazi, banacheka!”

“Banacheka? Na Ngalula?”

“Yeye zaidi. Lakini Mukendi alinionyesha bomba. Akasema, ‘Hii ni ya mama mukwe wangu.’”

Mama mukwe. Ulisema hivyo njiani, mbele ya Ngalula, kisha ukamwoa Ngalula.

Mama amekufa bila kupata bomba jingine. Uani tulipokunja shaba sasa ni shimo la kobalti. Kasulo imechimbwa mpaka chini ya vitanda. Nina gari langu, na juzi fundi aliyelibadilishia injini aliniuliza, “Mama, shofaji tunafunga?” Nilimfokea hata akaangusha spana. Jana nikaenda nalo njia ya Sandoa, nikapandisha vioo, nikafungulia joto lote. Viatu viliniunguza. Nilitaka kujua huyo mwanamke alipewa nini hasa. Alipewa vumbi, jasho, mtoto anayelia na mji uliomtupa. Na bado ningekaa pale. Leo hii ningekaa.

Basi ishi vizuri huko Kasai. Mpe Ngalula salamu, na umwambie bila kuficha kwamba joto lililomfika miguuni lilipita kwanza nyumbani kwetu.

Mimi,
binti wa mama mukwe wako