Siku Mama Mkwe Aliponitaka Nimtazame

Mkomaindo,
Masasi.
19 Desemba, 2021.

Mpendwa Dada yangu, Mama Tahiri,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Sumbawanga, na kwamba kile kikohozi cha wakati wa baridi kimekuachia. Tahiri hajambo? Na shemeji, bado anagombana na wenye duka? Mimi mwili hauna ugonjwa. Nakula, nalala kidogo. Habari za moyo usiniulize kwanza, maana nitakudanganya.

Najua umekasirika kwamba sipokei simu. Nikianza kuongea sauti inakatika, na wewe unaanza kulia kabla sijasema kitu, mwisho tunakata hakuna aliyesikia la mwenzake. Kwenye karatasi angalau utanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hujawahi kulifanya tangu utoto wetu.

Umeona nimeandika Mkomaindo, sikuandika Chilangala. Nimerudi kwa mama, na nimerudi peke yangu. Binti yangu Shamila amebaki kwa bibi yake, mzaa mama. Hataki kunikaribia. Hilo ndilo linaloniua.

Kifo cha wifi yako Somoe ulipata habari zake, ila hukupata zote. Siku ile tulikwenda sisi wawili tu kuokota korosho. Alikuwa ananitania, eti naokota kama mtu aliyetumwa kwa nguvu. Halafu akasema kifua kinambana, akakaa chini ya mkorosho, akajilaza ubavu. Nilipomwita hakuitika vizuri. Nikamfunga mgongoni kwa kanga zake kama mtoto, nikapanda pikipiki mpaka Newala. Daktari akamshika mkono muda mrefu, akasema moyo umesimama, na kwamba alikata roho njiani. Yaani dada, nimeendesha nikimsemesha marehemu.

Sasa sikia jambo ambalo ungelicheka kama lingempata mtu mwingine.

Shamte, mdogo wake Somoe, alikuwa amenunua televisheni ya sola, na kwenye flashi akatiwa tamthilia ya Kikorea ya wapelelezi. Si wapelelezi wa kukimbizana na bunduki. Hawa kazi yao ni kuwasoma watu. Wanakaa na mtuhumiwa kwenye chumba kidogo, wanamtazama macho, mikono, anavyomeza mate, kisha wanasema huyu ndiye aliyeua. Imetiwa Kiswahili na mtu mmoja anayesema sauti za wote, wanaume kwa wanawake, hata mbwa akibweka anabweka yeye. Ukoo mzima ulikuwa unajazana kuitazama.

Mimi nilikuwa naisikilizia nje, dirishani, kwa sababu mama mkwe alikuwa ndani. Unajua marehemu baba alivyotufunza: mwanaume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, wala hamtazami usoni. Tangu nihamie ukweni, nikikutana na Mama Somoe njiani nilikuwa naingia majanini apite. Nilikuwa namjua kwa sauti na kwa miguu. Vijana wa siku hizi wameyaacha hayo, Shamte anakula sahani moja na mama mkwe wake na wanacheka. Mimi sikuweza. Basi Somoe alikuwa anatoka nje kila mara kunisimulia nilichokosa kuona, nani amekunja uso, nani anaficha mikono. Alikuwa anamtaja muuaji mapema, na mara nyingi anakosea.

Kesho yake baada ya mazishi nilirudi shambani kufuata kikapu chake na ndala zake. Pale alipolala mabibo yalikuwa yameanza kuoza na nzi wamejaa. Nikapafagia. Sikutaka mahali pale pawe vile. Shamte akanikuta na ufagio mkononi, akageuka akaondoka.

Jioni maneno yakaanza. Eti kwenye ile tamthilia, muuaji lazima arudi mahali alipoulia, na lazima apasafishe. Sidhani Shamte alianza kwa ubaya. Alikuwa amefiwa na dada, anatafuta mtu wa kumshika shati. Lakini yalikwenda, kutoka jikoni mpaka kisimani: walikwenda wawili, akarudi mmoja mwenye kusema. Nikiwakumbusha maneno ya daktari, wananijibu daktari hakuwepo shambani.

Nilinyamaza, nikasema msiba utapoa. Kumbe wakati mimi nimenyamaza, mwanangu alikuwa anakaa na wale wale mbele ya ile televisheni. Siku moja namkabidhi chai, akaweka kikombe chini, akaniangalia mikono. Akaniangalia macho. Mtoto wa miaka tisa, dada, ananisoma.

Arobaini ilipofika, dua ikasomwa, watu wakala, wazee wakabaki kuzungumza habari za Shamila. Mtoto ni wa kwao, wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Hilo nalijua na sikubishana nalo. Mimi niliomba mambo mawili tu: nije naye Masasi wakati huu wa likizo, na mbele yake wazee waseme kwamba baba yake hana hatia.

Mama mkwe alikuwa barazani. Akaniita jina, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Husseni, sitaki maneno mengi. Nitazame usoni, uniambie mwanangu alikufaje."

Nilimweleza yote, tangu kikapu cha kwanza mpaka hospitali, lakini nilikuwa naiambia miguu yake. Shingo ilikataa kuinuka. Nikamsikia Shamte akiwaambia wazee, "Mnaona wenyewe. Hawezi."

Shamila alikuwa ameegemea goti la bibi yake. Nikajua nikiishika heshima ya baba, mtoto nimempoteza pale pale. Nikainua uso.

Dada, yule mama nilikuwa sijapata kumwona. Kumbe ana uso wa Somoe. Macho ni yale yale, nyusi zile zile, hata mdomo unapinda kidogo upande wa kushoto akiwa na uchungu. Ni Somoe aliyezeeka, yule ambaye nilitegemea tuzeeke naye. Mimi ambaye sikutoa chozi hospitali wala makaburini, nilipiga magoti nikalia mpaka kilemba kikadondoka, kwikwi zikanishika, na macho sikuyatoa kwake.

Nikadhani yamekwisha. Nikadhani sasa wameona. Ndipo nikaisikia sauti ya Shamila.

"Bibi, hata yule muuaji alilia hivihivi alipokamatwa."

Hakuna aliyemkemea. Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga, akamshika mtoto mkono, wakaingia ndani. Kipande hicho mimi sikukijua. Somoe alikufa kabla hawajakifikia, na hakukuwa na mtu wa kutoka nje kunisimulia.

Nilikusanya nguo zangu nikaja huku. Mvua zimeanza, mama ananihimiza tupande mihogo, na mimi nalima kwa sababu jembe halinitazami machoni.

Mama anakusalimu sana, anasema utume picha ya Tahiri akiwa amevaa sare. Jirani yetu Selestini naye anakusalimu, mguu wake umepona. Nisalimie shemeji, na umshukuru yule Bi Ethel aliyetuletea dagaa wa Kasanga wakati wa msiba, walifika wazima. Mwenyezi Mungu aifunike nyumba yako, na asikuonyeshe mtoto wako akikuogopa.

Nina ombi moja. Wewe ndiye uliyenilea mgongoni, na katika waliobaki duniani, wewe na mama ndio mliowahi kuniona nikilia kabla ya siku ile. Mama mzee, hawezi kupanda mpaka Chilangala. Njoo wewe dada. Kaa na Shamila, usimgombeze, mwambie tu kwamba baba yako akilia huwa ni hivyo, na kwamba siku ile alikuwa amemwona mama yako.

Mdogo wako akupendaye kwa roho iliyobaki,

Husseni