Mkono Wangu Chini ya Chuma

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla ya lolote nakusalimu wewe na shemeji, nikiomba karatasi hii ikukute goti limetulia na zamu za wodini zimepungua. Kila kukicha unawazalisha wenzio, wewe nani anakukanda? Mwambie shemeji asione haya kushika beseni la maji ya moto, hatapungua uanaume. Sisi huku ni wazima. Mwanao anakula, anasoma, na sketi ya shule niliyoishusha upindo juzijuzi imeanza tena kumpanda magotini.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Umenishukuru kwa kuiokoa shingo ya mwanao, ukalia, ukasema kuwa na ndugu kama mimi ni bahati. Nimeshindwa kukupigia kwa sababu nikisikia sauti yako maneno yangu hulainika, na haya hayatakiwi kulainishwa. Najua pia kwamba mtoto amekuomba aache mazoezi arudi kwako. Tafadhali usimjibu mpaka umalize kusoma.

Nianze na yule mwanamke. Mwaka jana kiongozi wa klabu alituletea kocha wa pili, binti mdogo kwangu kwa miaka kumi na miwili, mwenye vyeti vingi na sauti ndogo. Anatembea na futi ya fundi cherehani shingoni. Anapima nafasi iliyopo kati ya vyuma, anapima mikono ya wasichana, anapima hata hatua zao, mpaka wakampachika jina la Rula. Mimi nililifurahia jina hilo kuliko wote nikidhani wanamdhihaki. Kumbe walikuwa wanampenda.

Ukumbi wetu unaujua: lile ghala la zamani la mbao, bati juu, magodoro yenye viraka vya utepe, na vumbi la chaki linaloingia hata kwenye chai. Nimefundisha humo jimnastiki miaka kumi na tisa. Ukiingia utaona vyuma viwili, cha chini na cha juu, na mimi nimesimama chini yake nimeinua mikono. Msichana akiteleza, namdaka. Mwanao nimemdaka tangu alipokuwa na miaka saba, ulipomleta na begi lake jekundu, na nikikwambia naujua uzito wake kuliko mizani yoyote ya hospitalini kwako usidhani natania.

Basi Rula, hata mwezi hajamaliza, akaniambia kwa adabu zote kwamba mtoto yuko tayari kujifunza kuruka: aachie chuma cha juu, apite juu yake kinyumenyume, kisha akidake tena. Nikamwambia bado. Akasema mwili wake ulikuwa tayari tangu mwaka uliopita, kinachomrudisha nyuma ni mazoea ya kunitazama mimi kabla ya kila jambo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja mwenyeji augue.

Kwa miezi minne alimfundisha. Mimi alinisogeza hatua moja nyuma, kisha mbili, mwisho nikajikuta nimesimama kwenye sanduku la chaki nikiwagawia watoto wadogo kama muuza unga. Nyumbani kila tonge lilikuja na Rula kasema hivi, Rula kasema vile. Nywele akaanza kuzibana kama Rula. Siku moja, nacheka huku naona haya, niliificha ile futi nyuma ya pipa la maji. Aliitafuta siku mbili, kisha akanunua nyingine, ya rangi nzuri zaidi.

Yakaja mashindano ya kuchagua timu ya taifa. Walikuwa wanatakiwa wasichana wawili tu, na kila mmoja angekwenda kambini miezi mitatu na kocha wake. Wiki moja kabla nilikuwa natoa sahani mezani nikaikuta fomu yake. Mahali pa jina la kocha ameandika Rula. Hakuwa ameificha, aliiacha wazi kwa sababu hakuona cha kuficha. Nilipomuuliza alinieleza taratibu kwamba Rula ndiye aliyemfundisha kuruka, na kwamba mimi nikiondoka wale wadogo wa klabu wangebaki na nani. Maneno ya busara kabisa. Nikaitikia, nikaenda kuosha sahani ambazo zilikuwa safi. Dada, roho iliniuma. Mimi sina wa kuzaa, unajua, na wewe mwenyewe uliniambia huyu ni wetu sote.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Sheria inaruhusu kocha kusimama chini ya chuma, lakini akimgusa msichana, alama moja nzima inakatwa. Rula alishauri asisimame mtu. Mimi nikasema mbele ya kiongozi kwamba mtoto wa dada yangu haruki bila mimi kuwa pale, na Rula akanipisha. Mengine umeyasikia. Mtoto aliachia, mkono wangu ukamfuata hewani, akapoteza mwendo tukashuka wote godoroni nimemkumbatia. Majaji wakamkata alama za kuanguka na za kuguswa. Akawa wa tatu. Watu walinipigia makofi mimi, na mwenyekiti wa chama alikuja kunishika mkono akisema ndio maana ya ulezi. Mtoto alilia begani kwangu akiniita mama mdogo, wakati ndani ya ukumbi huniita kocha tu. Rula alisema neno moja, kwamba mikono ya mtoto ilikuwa njiani kufika kwenye chuma. Nikamjibu kwa sauti ya kusikiwa kwamba heri mtoto wa tatu kuliko mtoto wa plasta. Watu wakaniunga mkono.

Tangu siku hiyo mwanao haachii. Anajipaka chaki, anapanda, anabembea vizuri, na ikifika pale anaganda. Rula amejaribu kila njia, amerundika magodoro mpaka karibu yaguse miguu yake. Mtoto alimweleza, nami nikiwa nasikia, kwamba urefu haumwogopeshi. Alisema siku ile hakuhisi kabisa kwamba anaanguka, mwili ulimwambia kila kitu kiko sawa, na kama mwili wake unaweza kumdanganya kiasi kile hawezi kuuamini tena juu ya chuma chochote. Ndipo akakupigia wewe.

Dada, mwili wake haukumdanganya. Hakuwa anaanguka. Nimeona wanaoanguka kwa miaka kumi na tisa, mabega hubaki nyuma na miguu hulegea. Yeye alikuwa juu ya chuma, amenyooka, macho yapo pale panapotakiwa, viganja vimefunguka tayari kudaka. Niliyaona yote hayo. Nikaiona na ile fomu. Nikajua akikidaka kile chuma ameondoka na yule mwanamke, na mkono wangu nikaupeleka. Sitakwambia uliteleza, wala kwamba niliogopa. Niliupeleka, na makofi yalipopigwa nilifurahi.

Jana, wadogo walipoondoka, nilimwambia mbele ya Rula. Hakunipigia kelele. Aliuliza jambo moja tu, kama mikono yake ingefika. Nikamwambia ingefika, na nafasi ingebaki. Akajipaka chaki, akaniomba nitoke kwenye godoro. Nikaenda kwenye sanduku. Akasema hata hapo bado ni karibu, nikaenda mpaka mlangoni. Akapanda, akabembea, akaachia, akadaka. Mara tatu. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile ndani ya ghala lile, na hata hapo, aliposhuka akamkimbilia Rula, niliona wivu.

Kiongozi nimemwambia asubuhi ya leo. Amenisimamisha mpaka kamati ikae, na amesema matokeo hayabadiliki, ila baada ya wiki sita wanachagua msichana mmoja wa akiba. Kwa hiyo akikuomba tena kurudi, ingawa sidhani kama ataomba, usimkubalie. Yuko kwa Rula tangu jana. Chumba kina vitanda viwili na dirisha linafungika vizuri, nimekwenda kukiangalia kwa nje.

Kabla hajatoka nilimwomba aniachie zile ngozi za viganja anazovaa kushikia chuma, mkanda mmoja umelegea, nimshonee kama ninavyomshonea kila Jumamosi. Akanishukuru, akasema Rula atamshonea.

Nisalimie shemeji na majirani wote wanaoniulizia. Kuhusu mimi, waambie tu mzima. Hasira yako naisubiri, na ije kwa maandishi au kwa miguu, mlango uko wazi.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja.