Walipoliita jina la Neema

Jumanne usiku

Karani alisimama mlangoni akaliita jina la Neema mara tatu, kama la mtu aliyechelewa tu. Nilishindwa kuinuka. Mwanangu Neema tulishamzika Magamba, na mahakama nilikuwa sijaiambia.

Baba Jose, aliyeitwa aeleze kwa nini hatoi matunzo ya mjukuu wangu, akacheka kidogo. "Mheshimiwa, mdai amefariki. Si yameisha hayo?"

Nikamwambia, "Baba Jose, aliyekufa ni Neema. Jose bado anakula."

Hakimu akasema amri ya matunzo ni ya mtoto, haizikwi pamoja na mama yake. Nilete cheti cha kifo, jina langu liandikwe badala ya lake.

Nilipaswa kufurahi. Lakini tukirudi mahakamani, karani ataniita mimi. Neema hataitwa tena popote.