Moyo wa Kulia na Jogoo wa Mtani

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi nisikilize hivyo hivyo maana yaliyonikuta si ya kuchekwa, mie ni mtu mzima wa Manzese, kazi yangu kupakua makontena Kurasini, na mwaka jana nilishikwa na maumivu ya kifua upande wa kulia hadi mkononi, wenzangu wakasema gesi, wakaninywesha soda, nikaanguka, na hospitali walipopiga picha wakakuta ni shambulio la moyo na moyo wenyewe umekaa kulia, jambo ambalo daktari alisema anaweza kustaafu asilione tena, akawaita wanafunzi wakazunguka kitanda wakanisikiliza kwa zamu, na tangu hapo mtaani nina heshima yangu, watu wanatoka hadi Kibamba kuja kuweka sikio.

Sasa daktari huyo anafanya utafiti, anafuatilia waliopona shambulio la moyo ajue kutembea kunawasaidia kiasi gani, akaniambia nitembee kila siku kidogo kidogo, niache sigara na supu ya kongoro, nimeze kidonge kila asubuhi, lakini mie nilitafakari nikaona dawa na mazoezi hayo yametengenezwa kwa watu wa moyo wa kushoto, yasije yakanidhuru, nikaviacha, na ili nisimuudhi nikienda kliniki namwambia natembea hadi Ubungo, anaandika, halafu anakuna kichwa kwa nini sipati nafuu.

Mke wangu Mwanabaraka alinitunza vizuri, maji ananipelekea bafuni, viatu ananivisha, lakini juzi kanidhalilisha, wageni wamejaa, mie nimejilaza mkekani, akamwita mtani wangu Polikarpo wa Songea, mwenye karakana ya vitanda hapa hapa Manzese, naye akaja na kamba, akanipima urefu mbele za watu kama maiti wa kuchongewa jeneza, akaanza kulia, "Ole wetu, Nassibu, ulikuwa mvivu lakini ulikuwa wetu, nani atatulalia sasa," akagoma kunyamaza mpaka apewe jogoo, kama watani wadaivyo msibani, na mke wangu akacheka hadi akakaa chini, nikamuuliza, "Mwanabaraka, unamcheka mgonjwa?" akajibu, "Mgonjwa nimeshamzoea, baba Talha. Ninayemlilia ni mume," na sasa anafunga nguo zake, anasema nisiposimama anahamia kwa kaka yake. Je, nimpe talaka kabla hajaniaibisha zaidi?

Nassibu, mwenye moyo wa kulia, Manzese

Bwana Nassibu,

Pole kwa ugonjwa. Pole imekwisha, sasa tuzungumze.

Moyo wa kulia umezaliwa nao. Hukuusomea wala hukuutolea jasho, na mtu anayeringia alichozaliwa nacho angeweza kuanzia kwenye kitovu. Watu wametoka Kibamba kuusikiliza. Wewe unayelala nao ndiye hujausikiliza.

Nilimuuliza daktari mmoja asiyekujua kama kidonge huchagua upande. Aliniomba nirudie swali, kisha akageukia dirishani kwa muda. Damu inazunguka mwili mzima, bwana. Moyo wako umeumia kama wa watu wote na unatibiwa kama wa watu wote. Halafu nieleze: kidonge umekikataa kwa kuwa ni cha watu wa kushoto, sigara nayo uliambiwa ilitengenezwa kwa watu wa upande gani? Na kongoro, huyo ng'ombe ulimpima?

Hayo ni ujinga, na ujinga una dawa. Uongo wako wa kliniki ndio ulionikasirisha. Daktari ameandika kwamba yupo mtu anatembea hadi Ubungo na hapati nafuu. Kesho kuna mama wa Temeke, moyo wake uko kushoto kama wa mama yako, ataambiwa kutembea huenda hakusaidii. Umejilaza mkekani kwako, na yeye unamlaza kwake.

Mkeo sina la kumkanya. Aliona maneno ya daktari hayakuingii na yake hayakuingii, akamwita mtu pekee ambaye mila haikuruhusu kumkasirikia. Polikarpo kakuonyesha matanga yako ukiwa hai. Wengi hawaipati nafasi hiyo. Mwanamke mwenye akili kama hii unataka kumwacha, ili viatu avishwe nani?

Kwa hiyo kesho asubuhi nenda kliniki ukaseme ukweli: vidonge niliacha, Ubungo sikufika hata kwa ndoto. Atafoka, na ana haki. Akimaliza, meza atakachokupa, na muulize uanze kutembea kiasi gani. Usijitie ushujaa ukaanguka njiani ukasema mshauri ndiye aliyekutuma. Sigara ziishie hapo zilipofika. Wageni waambie maonyesho yamefungwa. Viatu vaa mwenyewe.

Na siku daktari atakapokuruhusu kufika karakanani, tafuta jogoo mnene, umpelekee Polikarpo kwa miguu yako, Mwanabaraka akitembea kando yako mikono mitupu. Usipompelekea, mtani atakuja kumchukua mwenyewe, na siku hiyo hatakuwa anatania.