Baba, Niliacha Chuo Ukiwa Hai

Baba,

Siku ya mazishi yako pasta alisoma wasifu, alipofika kwa watoto akasema, "Mwende, mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa tatu." Watu wakanigeukia. Niliinamisha kichwa, wakadhani ni majonzi tu. Kumbe nilikuwa nimeacha chuo miezi mitano kabla hujatutoka, na wewe ulikufa hujui.

Sikufeli, nataka ulijue hilo. Alama zangu za mtihani mmoja zilipotea. Mhadhiri akanituma ofisini, ofisini wakanirudisha kwa mhadhiri. Siku moja nilimfuata hadi kwenye gari lake. Akaniuliza huku akitafuta funguo, "Kwani wewe ni nani?" Alikuwa amenifundisha mwaka mzima. Nilipoacha kwenda darasani hakuna aliyeuliza niko wapi, hata mmoja, na hilo liliniuma kuliko zile alama.

Nilikuwa nakumbuka kibanda chako cha useremala pale Gikomba. Mwanafunzi wako akikata mbao kombo hukumfokea. Ulisema, "Lete tuone," mkapima upya pamoja. Mimi mjinga nilidhani kusoma kokote kuko hivyo.

Mbona sikukuambia? Ulikuwa unaniita "Profesa" mbele ya wateja, na uso wako wote unacheka. Ningekunyang'anyaje hilo? Basi nikawa natoka hapa Dandora asubuhi na mkoba wa vitabu, nashinda Donholm nikiuza vifuniko vya simu.

Bado nafanya hivyo. Mama ananifungia chapati na kuniambia, "Soma, mama, Mungu anaona." Jioni tunakula wawili, redio yako imezimwa, ananiuliza masomo yalikuwaje nami namtungia somo. Ninaishi naye chumba kimoja, Baba, na sijawahi kuwa mpweke hivi.

Jana nilimkuta anapiga pasi koti lako la kanisani. Amelipeleka kwa fundi likapunguzwa mabega. Anasema nitalivaa ndani ya joho siku ya mahafali, ili na wewe uwepo. Nilishindwa kulijaribu. Nikasema naumwa kichwa.

Kesho tukitoka ibadani nitamwambia. Nimekuambia wewe kwanza kwa sababu nilikuogopa zaidi. Pumzika, Baba. Nisamehe kwa kukuacha ujivunie kitu ambacho hakikuwepo. Akilia nitakaa naye hapo hapo, na akiniuliza kwa nini, nitamweleza yote, hata la yule aliyeniuliza mimi ni nani.

Mwende wako